Naomba ushauri: kufunga paa la banda la mbao lisichukuliwe na upepo

Wakuu, banda ni mita 2.4 kwa 3.6, fremu ya mbao 2x4 zenye dawa, nguzo kila sentimita 60. Paa linateremka upande mmoja: mbele mita 2.55, nyuma 2.1, ili bati la mita 3 lifike bila kiungo cha kati, maana hapo ndipo mvua ya upepo hupenya. Misumari ya bati itapigwa juu ya wimbi, si bondeni.

Kinachonitatiza ni upepo wa kusi. Msumari wa nchi 4 pekee hung'oka bati likinyanyuliwa. Nifunge kenchi (mbao zinazobeba paa) kwenye fremu kwa waya au vyuma bapa? Na mbao moja ya mshazari kila ukuta inatosha fremu isilale?