Jamani, ni kweli samaki wa soko la Feri, Dar, wanatiwa dawa ya mochwari? Wateja wananikimbia

Mama Feisal (Mbagala)

Habari zenu wapendwa. Mimi nakaanga samaki jioni huku Mbagala Rangi Tatu. Changu, tasi, vibua, na jodari wa vipande akipatikana kwa bei ya kueleweka. Wateja wangu ni makonda, mafundi, kina mama wanaotoka kazini usiku na hawana nguvu ya kuwasha jiko. Ndio walionisomeshea wanangu.

Sasa kuna sauti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mwanaume anasema yeye ni mtu wa hospitali, hataji hospitali gani wala jina lake, anasema wafanyabiashara wa Feri wananunua formalini, ile ya kuhifadhia maiti, wanachovya samaki wasioze. Anasema alama yake ni inzi: ukiona samaki hana inzi, mkimbie. Halafu anamalizia kwamba ukimuosha kwa ndimu na chumvi sumu yote inatoka. Kaisambaza mtu wa mtaani kwangu, na tangu hapo mtu anakuja kwenye karai langu, anamgeuza samaki, anamnusa, ananitazama usoni: "Mama Feisal, wako hawana dawa?" Mimi nitajibu nini? Nakula samaki hao hao, na wanangu wanakula.

Ningeipuuza, lakini kuna jambo limetokea. Mchuuzi mmoja aliniletea jodari mchana kwa baiskeli, bei nzuri kweli, kapakia kwenye ndoo na kufunika kwa gunia lililoloa. Samaki hakunuka. Nikakata vipande, nikatia chumvi na ndimu, nikakaanga vikaiva mpaka ndani. Waliokula, baadhi yao hata mate hayajakauka, wakaanza kuwashwa mwili mzima. Uso unafukuta, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Mmoja akasema ulimi unamuwaka na pilipili hajatia. Mtoto wa jirani akakimbizwa zahanati, akachomwa sindano, asubuhi alikuwa anacheza. Namshukuru Mungu.

Lakini nisikilizeni hapa. Siku ile ile, karai lile lile, mafuta yale yale, waliokula changu na tasi hakuna hata mmoja aliyejikuna. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kama ni dawa ya mochwari, mbona imechagua jodari tu? Na kama si dawa, ni nini?

Naomba mwenye elimu anijibu. Sitaki kuambiwa "usijali". Nataka nijue ninachowauzia watu.

---

Chriss wa Tandika

Mama pole, lakini lisemwalo lipo. Mimi nimehama kabisa, nakula kuku na maharage. Bahari ya sasa si ile ya babu zetu. Bibi yangu alikuwa anampa paka kipande kwanza, paka akikaa vizuri ndio sisi tunakula. Fanya hivyo.

---

Mzee Kombo (ofisa ubora wa samaki, mstaafu)

Mama Feisal, pole kwa yote, na hongera kwa kutazama vizuri. Hilo la karai moja, jodari kudhuru na changu kutodhuru, ndilo jibu lenyewe. Wengi huwa hawaliangalii.

Walichopata wateja wako kina dalili zote za sumu ya histamini. Jodari, nguru, vibua, sehewa na dagaa wana asili ya kuwa na kitu kiitwacho histidini kwa wingi kwenye nyama yao. Samaki akishakufa na akakaa kwenye joto, bakteria wa kwenye mashavu na utumbo wanasambaa na kuigeuza histidini hiyo kuwa histamini. Histamini ni kitu kile kile ambacho mwili wa mtu hukitoa akipatwa na mzio. Ndiyo maana mtu anawashwa, anavimba mabaka, uso unafukuta, na daktari anampa dawa ya mzio akapona. Wengi wakishapatwa hivyo hutangaza kwamba wana mzio wa samaki na hawali tena maisha yao yote, kumbe jodari yule alishinda juani.

Changu na tasi hawana histidini kiasi hicho. Wakikaa juani wataoza, watanuka, utawatupa. Jodari anaweza kufikia kiwango cha kudhuru kabla pua yako haijaona kitu. Na ikishaingia haitoki: kukaanga hakuiondoi, kuchemsha hakuiondoi, ndimu haiondoi, kugandisha wala kukausha hakuiondoi. Viwango vya kimataifa vya chakula, vinavyoitwa Codex, vinataka isizidi miligramu 200 kwa kilo ya samaki, na hiyo hupimwa maabara. Dalili huanza dakika chache hadi saa moja au mbili baada ya kula na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja. Lakini mwenye pumu au ugonjwa wa moyo asisubiri nyumbani, na yeyote anayebanwa pumzi apelekwe hospitali mara moja.

Sasa formalini. Ni kemikali kali, imepigwa marufuku kwenye chakula, na nchi nyingine imewasumbua kweli. Bangladeshi walifika mpaka kutunga sheria maalumu ya kuidhibiti mwaka 2015. Huko huko, tena, vyakula viliteketezwa kwa kutegemea kifaa ambacho baadaye wataalamu walisema kimetengenezwa kupima hewa, si chakula. Hofu ilikuwa na msingi, kipimo hakikuwa nao. Na samaki wa baharini wenyewe hutengeneza kiasi kidogo cha kemikali hiyo kadiri wanavyokaa baada ya kufa, kwa hiyo hata maabara ikiikuta kidogo, huo si ushahidi kwamba kuna aliyewachovya. Samaki aliyelowekwa kwenye formalini hukakamaa kama mpira na harufu yake inachoma macho na pua. Wewe unayemkata kwa mikono yako ungejua kabla ya mteja.

Kipimo cha inzi ndicho kinachonikera kuliko yote. Samaki aliyetoka kwenye barafu ni baridi, harufu yake ndogo, inzi hawamfuati. Aliyeanza kulegea ndiye wanayemkimbilia. Watu wakiifuata sauti hiyo watamkataa samaki mzima na kumnunua aliyechina, wakijisifu kwamba wamejihadhari.

Chriss mwanangu, simdharau bibi, lakini ziko sumu za baharini zinazochukua saa nyingi au siku kuonekana. Paka atakuwa anajilamba wakati watu wa nyumba nzima wameshakula.

Na sisemi kila hofu ni uzushi. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu kulikuwa na watu wanavua kwa sumu ya wadudu. Ilikuwa kweli, na waliokuwa wavuvi wa halali waliumia pamoja na wakosaji. Tofauti ni kwamba pale palikuwa na mahali, kitendo na bidhaa iliyojulikana. Hii sauti yenu haina tarehe, haina jina, haina hata hospitali. Mtu mwenye shaka ya kweli na samaki fulani asimle na asimtupe, amweke kwenye barafu na kutoa taarifa TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Wao ndio wamebeba usalama wa chakula bara tangu 2019. Zanzibar ni ZFDA, wakala wa chakula na dawa wa huko.

---

Bint Mkoani (Pemba)

Assalam aleikum. Mama Feisal, mie nataka kuongezea la huku kwetu, maana mnavyoijadili formalini moyo unaniuma.

Machi 2024 hapa Kisiwa Panza walikufa watoto 8 na mtu mzima mmoja, na watu 78 wakalazwa. Walikula kasa. Novemba 2021, Pemba hii hii, walikufa watu 7, mmoja wao mtoto wa miaka 3, na sababu ilikuwa hiyo hiyo. Haya hayakuletwa na sauti ya mtu asiyejulikana. Haya yana makaburi.

Nyama ya kasa mara nyingi haina neno, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Mtu atakwambia babu yangu kala mpaka kafa na uzee. Kweli, wa babu yako hakuwa na sumu. Wa leo anayo, na hakuna mtu wa kukuonesha, si kwa rangi wala kwa harufu wala kwa ladha. Wataalamu wanadhani inatokana na vitu anavyokula baharini. Kupika hakusaidii, na dawa ya kuizima haipo, hospitali wanakushika mkono tu wakihangaika na dalili: kutapika, vidonda mdomoni, usingizi mzito usioamkika. Watoto ndio wanaotangulia. Na mama anayenyonyesha akila, sumu inaweza kumfikia mwanawe kwenye maziwa hata kama mtoto hakuonja kipande.

Kila msiba ukitokea husikii watu wakisema tusile tena. Utasikia mpishi hakuchemsha vyema, au kuna mwenye jicho baya. Mie ni mwalimu wa skuli. Nawaambia wanafunzi wangu moja kwa moja: kasa analindwa na sheria, na hata kama asingelindwa, usimle, na ukikuta nyumbani kapikwa, usimpe mdogo wako.

Watu wanaomuogopa changu wa barafu halafu wakialikwa kasa wanaosha mikono, nawasihi kwa Mungu.

---

Nahodha Mafia

Nakubaliana na mzee na dada. Bunju naye muwe naye makini, yule anayejijaza upepo. Ini lake, mayai yake na ngozi yake vina sumu ya kuua, moto hauimalizi. Huanza midomo kufa ganzi, kisha viungo vinalegea mpaka pumzi inakata. Sisi tukimkuta kwenye wavu tunamrudisha majini. Ukimuona mtu anauza minofu iliyochunwa ngozi na hataki kukwambia ni samaki gani, mpite.

Halafu samaki wa baruti. Naona watu wanasema ana sumu ya baruti. Sumu hana, ila mlipuko unampasua ndani, utumbo unamwagika kwenye nyama, kwa hiyo anaharibika haraka kuliko wa mshipi. Mtazame uti wa mgongo: umevunjika, na damu imeganda pembeni yake. Mimi namkataa kwa hilo na kwa sababu ya miamba yetu. Aliyerusha baruti amevunja nyumba ya samaki wa miaka mingi ijayo, na sheria ya uvuvi ya 2003 imeshalikataza.

---

Mama Feisal (Mbagala)

Mzee Kombo, shikamoo. Nimekusomea mume wangu kwa sauti, tukarudia. Bint Mkoani, pole sana mdogo wangu, pole kwa wote. Mama mkwe wangu ni mtu wa Chake huko Pemba, leo leo nampigia.

Nina maswali mawili, msinichoke. La kwanza, niache jodari moja kwa moja? Wateja wanampenda, na faida yake ndiyo inayolipa kodi ya chumba. La pili, yule mchuuzi wa baiskeli nitamjuaje amemlaza wapi samaki wake tangu alfajiri, wakati hanuki?

---

Mzee Kombo (ofisa ubora wa samaki, mstaafu)

Marahaba mama. Usimwache jodari. Mwache jodari usiyejua safari yake.

Swali lako la pili ndilo kubwa na sitakuficha: kwa kumtazama tu hutamjua. Macho angavu, mashavu mekundu na nyama inayorudi ukiibonyeza ni dalili nzuri kwa samaki wote, zitumie, ila kwa jodari hazitoshi, na kipande kilichokwisha kukatwa hakina jicho wala shavu la kukuonesha. Kwa hiyo hapo unanunua barafu kwanza, samaki baadaye. Mwambie akufungulie chombo. Kama hakuna barafu imemgusa samaki, saa nne asubuhi au saa nane mchana, kwa jodari, nguru na vibua jibu ni hapana, hata akupe nusu bei. Bei ikishuka ghafla mchana, jiulize kwa nini anataka kumaliza.

Ukienda mwenyewe Feri, nunua mzima mnadani mapema, mtoe utumbo na mashavu hapo hapo kwa wapara samaki, na uwe na deli lako, sanduku la kutunzia baridi. Barafu iliyopondwa, kilo kwa kilo: kilo kumi za samaki, kilo kumi za barafu. Tabaka chini, tabaka juu, na maji yanayoyeyuka yapate pa kutokea. Kwenye daladala deli lisikae karibu na injini. Ukifika nyumbani usimwache kwenye beseni ukimsubiri mteja. Toa kipande unachokaanga, vingine vibaki kwenye baridi.

---

Mama Feisal (Mbagala)

Nimekuelewa baba. Deli ninalo, la soda, la zamani, mfuniko unafunga vizuri, nitalitoboa tundu la maji chini. Barafu inauzwa pale pale nyuma ya mnada, najua bei yake, nitaigawa kwenye bei ya kipande. Mchuuzi wa baiskeli nitamwambia akija na barafu tutafanya biashara, na nitamwambia kwa nini, maana anazunguka mitaa yote hii na sidhani kama anajua.

Wiki hii nauza changu na tasi tu. Na deli nitaliweka mbele, pembeni ya karai, wazi. Anayetaka kuuliza kama wangu wana dawa, aangalie mwenyewe ndani wamelala wapi.

---

Chriss wa Tandika

Mama Feisal, uko upande gani wa stendi? Jumamosi napita huko.