Lenzi ya kuvuta mbali: nichukue 150-600 na telekonveta? Naomba ushauri wa haraka

Kamera_Wakiso: Habari zenu wakuu. Nina lenzi ya milimita 75-300 tu na picha za mbali zinanitesa. Hapa Kampala nimepata Sigma 150-600 iliyotumika. Muuzaji anasema akiniongezea telekonveta ya mara mbili, kile kipande cha kurefusha lenzi, nitafika milimita 1200. Nichukue zote au lenzi peke yake? Nahitaji jibu leo, usingizi sipati.

FundiEntebbe: Telekonveta iache ssebo. Ya mara mbili inakula stopu mbili, yaani mwanga unabaki robo: f/6.3 inakuwa kama f/13 (namba ya f ikikua, mwanga unapungua), na hapo fokasi ya kamera nyingi inagoma. Una bodi gani ya kamera, na unaenda kupiga nini?

Dada_wa_Jinja: Mimi korongo-nyangumi nilimpata kwenye kinamasi cha Mabamba kwa lenzi ya 100-400, tena ndani ya mtumbwi. Yule ndege hana haraka, anasimama tu anavizia kamongo. Mwambie mpiga kasia asogee polepole. Siku hiyo tulinyeshewa, begi la kamera nililikumbatia mpaka nchi kavu, nguo zangu zilowe zisilowe shauri yake.

MzeeKijana: Vijana kila kitu kununua. Miguu ya kusogea mlipewa ya nini?

FundiEntebbe: Mleta uzi, nimekuuliza bodi.

Kamera_Wakiso: Canon 1300D. Na kusema kweli si ndege hasa. Shemeji anapeleka wageni Bwindi mwisho wa mwezi, amenipa nafasi niwapigie picha za gorila.

FundiEntebbe: Si ungeanza na hilo! Bwindi mnakaa mita 10 kutoka kwa gorila, saa moja tu, flashi marufuku. Kihisi cha 1300D, kile kinachopokea picha, kina upana wa milimita 22 hivi. Piga hesabu: kwa 600, umbali huo, fremu nzima inabeba upana wa kama sentimita 37. Utarudi na nyuso tupu, hakuna mama na mtoto wake. Tena chini ya miti ni giza. 70-200 ya f/2.8 inaingiza mwanga karibu mara tano ya hiyo f/6.3. Kodisha hiyo.

Kamera_Wakiso: Nimekuelewa, lakini wakiwa ng'ambo ya bonde je? Na baadaye nitaitumia hifadhi ya Murchison, kule wanyama wako mbali. Mimi naona 600 bado ina kazi. Halafu nimeshatoa kianzio.

Dada_wa_Jinja: Kianzio kiasi gani?

Kamera_Wakiso: Nusu ya bei.

MzeeKijana: Kumbe hukuja kuuliza, umekuja kubarikiwa.

Mdadisi256: Tunachezewa hapa. Mgeni alipe dola 800 za kibali cha kuona gorila, halafu apigwe picha na 1300D? Huyu ndiye muuzaji, anaipigia debe lenzi yake.

Kijana_Kasese: Hata mimi nilinusa. Uzi ufungwe.

Kamera_Wakiso: Mimi si muuzaji jamani. Wageni ni ndugu zake shemeji kutoka Mbarara, Mganda halipi dola 800. Na muuzaji gani angesema hili: nikiimulika lenzi kwa tochi ya simu naona nyuzi nyeupe pembeni mwa kioo cha ndani, zimetawanyika kama mizizi. Yeye anasema ni vumbi.

FundiEntebbe: Vumbi huwa ni vidoadoa. Nyuzi zenye matawi ni kuvu, na huku ziwani unyevu unazilea. Zikikaa zinakula koti ya kioo, ule utando wake wa juu, na hapo hata ukisafisha alama inabaki. Mulika tena kutokea nyuma ya lenzi, muuzaji akiwepo, aone mwenyewe. Kisha dai kianzio chako.

Mdadisi256: Weka picha ya hizo nyuzi, nami nitafuta maneno yangu.

Kamera_Wakiso: Nitaweka nikifika dukani. Amenipigia sasa hivi, anasema kuna mteja mwingine anaitaka.

FundiEntebbe: Basi amuuzie huyo, wewe akurudishie pesa.

Dada_wa_Jinja: Usiende peke yako. Nenda na shemeji, na risiti ya kianzio mkae nayo mkononi.