Amesamehewa, lakini bado anakaa benchi la nyuma

Katibu wa Kwaya, Newala

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naomba ushauri. Mwezi Juni mweka hazina wa kwaya yetu alichukua shilingi 380,000 za safari ya Masasi akanunulia salfa, dawa ya mikorosho yake, kwa nia ya kuzirudisha minada ya korosho itakapoanza, na hakumwambia mtu. Tulipozihitaji mwezi Agosti hazikuwepo. Alikiri mbele ya wazee wa kanisa, akatengwa kwa muda, akatubu na kurudi kundini. Na korosho zake zilipolipwa mwezi Novemba alileta 240,000.

Kwa maandishi, basi, shauri limekwisha. Lakini kila Jumapili anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na sadaka inapoanza kutolewa yeye hutoka nje, akajifanya anatazama baiskeli yake, kisha hurudi vikapu vikishapelekwa madhabahuni. Hakuna anayemtukana, ila hakuna anayekaa naye. Baadhi yetu wanasema kwamba kama tumemsamehe kweli, tumrudishie hazina. Wengine hawataki hata kulisikia. Ninyi mnaonaje?

Mama Hazina, Lindi mjini

Amina, ndugu Katibu. Nashika fedha za umoja wa wanawake kwa mwaka wa sita sasa, kwa hiyo nitasema bila kuzunguka: msimrudishie. Luka 17:3-4 inatudai tumsamehe ndugu anayetubu hata akikosa mara saba kwa siku, wala sioni mahali inapotudai tumkabidhi sanduku. Msamaha ni haki yake kwetu, lakini hazina ni amana ya watu, na miongoni mwao wapo wajane wanaotoa mia tano walizozipata kwa kubangua korosho.

Hata hivyo naomba nikuulize, kaka yangu: fedha hizo alikuwa akizitunza wapi? Nikikisia ni nyumbani kwake, peke yake, bila mtu wa pili kuliona daftari, je, nakosea? Sisi sanduku letu lina kufuli mbili na funguo zinakaa nyumba mbili tofauti, na hatukufanya hivyo kwa kumshuku mtu. Mlimwacha peke yake na fedha taslimu katika mwezi ambao ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, unaingia kwenye maua na kila mkulima anahangaikia salfa. Kosa ni lake, nakubali. Uzembe ulikuwa wenu.

Mvuvi Mzee, Mikindani

Wanangu, mmekimbilia habari ya cheo mapema mno. Katika semina moja ya wazee wa kanisa tulifundishwa kwamba neno la Kiyunani alilolitumia Paulo katika Wagalatia 6:1, pale anaposema mtu aliyeghafilika arejezwe kwa upole, ndilo linalotumika katika Mathayo 4:21 kwa Yakobo na Yohana waliokuwa wakitengeneza nyavu zao. Tangu siku hiyo nalisoma andiko lile kwa mikono. Wavu ukichanika, kwanza unazikata nyuzi zilizochakaa mpaka ufike kwenye tundu zima, ndipo unapoanza kufunga uzi mpya. Ukifunga juu ya uzi uliooza, papa mmoja tu anatosha kuupasua tena. Kwa hiyo zile 140,000 zilizobaki zizungumzwe waziwazi, zipangiwe tarehe au zifutwe, kwa maana kuzinyamazia si upole. Na wavu hautengenezwi kwa mbali: lazima uuweke mapajani.

Mwalimu wa Jumapili, Masasi

Shikamoo, Mzee wetu wa Mikindani. Naongeza neno moja tu. Marko aliwaacha wenzake njiani, na baadaye Paulo akakataa katakata kusafiri naye, hata akatengana na Barnaba kwa ajili hiyo (Matendo 15:37-39). Ila katika 2 Timotheo 4:11 ni Paulo huyo huyo anayeagiza Marko aletwe kwake kwa kuwa anamfaa. Mama Hazina anaweza kusimama na Paulo, wala simlaumu. Lakini kati ya maandiko hayo mawili kuna Barnaba aliyepanda merikebu na Marko kwenda Kipro. Ndugu Katibu, kwenu nani amekwenda nyumbani kwa mtu huyu tangu Novemba?

Katibu wa Kwaya, Newala

Mwalimu, swali lako lilininyima usingizi, kwa sababu jibu lilikuwa hakuna. Na Mama Hazina, hukukosea: fedha zilikaa kwake, ndani ya kopo la maziwa.

Alhamisi nilikwenda na mzee mmoja wa kanisa. Tulimkuta akipalilia chini ya mikorosho. Akatukaribisha mkekani, akaingia ndani, akatoka na daftari la kwaya ambalo sisi hatukuwahi hata kumdai. Lile deni alikuwa ameliandika kwa mkono wake, siku ile ile alipozichukua fedha, na chini yake kila alichokirejesha. Tumekubaliana amalize baada ya msimu ujao, na fedha sasa zitakuwa na watu wawili.

Cheo cha hazina hakukitaja kabisa. Alipotusindikiza hadi njiani aliniuliza kama joho lake bado lipo kabatini, au tumempa mwimbaji mwingine wa besi. Lipo. Nimelifua jana.