Mjadala: Kaburu ni Mwafrika, au ni mgeni aliyekawia kuondoka?

Mtoa mada

Wakuu, salaam. Tangu Mei 2025, Marekani ilipopokea kundi la kwanza la Makaburu wa Afrika Kusini kwa jina la wakimbizi, vijiwe vyote vimegeuka mahakama. Huku wanasema "warudi kwao Uholanzi", kule wanasema "wako kwao tayari". Naweka msimamo wangu, mniponde mkitaka: Kaburu ni Mwafrika, kwa sababu hakuna pengine duniani alikotengenezwa. Na hapo hapo nasema Uafrika huo haumhalalishii hata ekari moja aliyoipata kwa bunduki au kwa sheria ya ardhi ya 1913, ile iliyowabana weusi kwenye kipande kidogo cha nchi. Hayo ni mambo mawili, tusiyachanganye.

Kwa wasiofuatilia: mwaka 1652 Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki ilimtuma Jan van Riebeeck kwenye Rasi ya Tumaini Jema afungue kituo cha mboga, nyama na maji kwa ajili ya meli zake. Hakutumwa kuanzisha taifa. Mwaka 1657 wafanyakazi wachache wa Kampuni wakaachiwa walime kwa faida yao, juu ya malisho ya Wakhoikhoi, wafugaji wenyeji wa pale, na miaka miwili baadaye vita vikazuka. Wakaongezeka Wajerumani, na kuanzia 1688 Waprotestanti waliokimbia Ufaransa. Ndiyo maana leo unakuta Kaburu anaitwa du Plessis au de Villiers na Kifaransa hakijui hata cha kuombea maji. Ongeza watumwa kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia, ambao damu yao imo katika koo nyingi za Makaburu, wapende wasipende.

Sasa kisa kimoja. Mwaka 1707, pale Stellenbosch, kijana Hendrik Biebouw na wenzake walilewa wakafanya fujo kwenye kinu. Hakimu wa wilaya akamcharaza bakora na kumfukuza. Kijana akapayuka kwamba haondoki ng'o, hata akiuawa, kwani yeye ni "Africaander". Baba yake alikuwa Mjerumani, na dada yake wa baba mmoja alizaliwa na mama mtumwa wa Kimadagaska. Wanahistoria bado wanabishana alimaanisha nini hasa. Mimi ninachokiona ni kwamba miaka 55 tu baada ya van Riebeeck, mtoto wa mgeni akipigwa hataji tena Ulaya.

Babu wa Mazimbu

Umeandika vizuri, mwanangu, lakini umeanza na mlevi ukawaruka walevi wa madaraka. Sisi tuliosoma miaka ya 70 tuliwajua Makaburu kwa redio na kwa wakimbizi waliofika Morogoro, tena wengine watoto wa shule waliotoka Soweto baada ya 1976. Hoja yangu ni fupi: huwezi kuwa Mwafrika huku kila ulipopewa nafasi ya kuchagua umechagua kutokuwa.

Mwaka 1902, pale Vereeniging, Waingereza wameshinda vita vyao na Makaburu, Makaburu wako chini. Wakaomba nini kwenye mkataba? Kifungu cha nane: suala la mtu mweusi kupiga kura lisiguswe mpaka wao wapate serikali yao. Mwingereza akakubali haraka, halikumgharimu kitu. Mwaka 1910 makoloni ya Mwingereza na ya Makaburu yanaungana kuwa Afrika Kusini, 1913 Waafrika wanabanwa kwenye asilimia 7 hivi ya ardhi ya nchi yao, 1948 ubaguzi unakuwa sera kamili ya dola. Hapo Uafrika uko wapi? Walitaka ardhi ya Afrika bila watu wake.

Chebet wa Sisibo

Hamjambo wenzangu. Mnabishana kana kwamba Makaburu waliishia Limpopo. Mimi natoka Eldoret, mji ambao wazee bado wanauita Sisibo, kwa sababu ulianzia kwenye shamba namba 64 la walowezi.

Mwaka 1908 Jansen van Rensburg aliongoza familia kadhaa za Makaburu kutoka Transvaal, Afrika Kusini. Walipanda meli huko Lourenço Marques (Maputo ya leo), wakashuka Mombasa, wakachukua treni mpaka Nakuru pamoja na ng'ombe, farasi na majembe yao, halafu wakaingia magari ya maksai kupanda hadi uwanda wa Uasin Gishu. Njia haikuwepo. Walikuwa wakikata miti na kuitandika kwenye matope ili magurudumu yasizame. Hadithi hii utaisikia ikisimuliwa kwa sifa kubwa, na kweli kazi waliifanya.

Lakini ule uwanda ulikuwaje mtupu? Muulizeni Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi. Aliuawa Oktoba 1905 katika mkutano aliodanganywa kuwa ni wa amani, na vita vya Wanandi dhidi ya Mwingereza vikavunjika. Miaka mitatu baadaye ndio hawa wanawasili na magari yao. Na mtoa mada nijibu hili: kama walikuwa Waafrika, mbona Kenya ilipokaribia uhuru wengi walifunga virago wakarudi kusini? Bendera nyeusi ya Mwafrika iliwatisha nini?

Kijana wa Usa River

Dada Chebet umenikumbusha ya kwetu. Arusha nako walikuja, mapema kuliko huko Sisibo. Hawa walikuwa wameapa hawataishi chini ya Mwingereza baada ya vita vya 1899 hadi 1902, wakamkimbilia Mjerumani, naye akawapa mashamba pembeni mwa Mlima Meru. Sasa cheka kidogo: Machi 1916 Arusha inatekwa na jeshi la Mwingereza, na jemadari anayeliongoza ni nani? Jan Smuts, Kaburu mwenzao, aliyepigana na huyo huyo Mwingereza miaka 14 nyuma! Walimkimbia mfalme wa London, akaletewa nchi na ndugu yao.

Hilo la kuchekesha. Lisilochekesha ni la 1951. Serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kupanga upya ukanda wa walowezi, na Makaburu walikuwa sehemu ya mpango ule. Nyumba zilichomwa, mifugo ikafa njiani. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi Umoja wa Mataifa kulalamika. Wazee wa Meru hawakuuliza kama yule aliyepewa malisho yao ni Mwafrika au Mzungu. Waliuliza ardhi yao inarudi lini.

Mtoa mada

Kijana wa Usa River, sentensi yako ya mwisho ndiyo msimamo wangu, ahsante kwa kunifanyia kazi.

Dada Chebet, wengi waliondoka, sikatai. Ila angalia walirudi wapi. Hawakwenda Amsterdam. Walirudi Transvaal na Orange Free State, yaani kwao.

Babu, shikamoo. Kifungu cha nane siwezi kukitetea. Nataka tu uone kilichotangulia. Katika vita vile Waingereza walichoma mashamba ya Makaburu na kuwasomba wanawake na watoto kambini. Walikufa zaidi ya 26,000, wengi wao watoto, kwa surua, kuhara na njaa. Hapo ndipo wakulima waliokuwa wakigombana wao kwa wao, wengine wamejisalimisha, wengine wamejiunga na adui, walipopata kidonda kimoja cha kuwaunganisha. Weusi nao waliwekwa kwenye kambi zao, wanaojulikana kufa wanazidi 14,000, na kwa miongo mingi hakuna aliyewataja. Mnara wa kuwakumbuka wanawake wa Kikaburu ulizinduliwa Bloemfontein Desemba 1913. Miezi sita tu nyuma ilikuwa imepita ile sheria ya ardhi. Mwaka ule ule! Watu wanalia kwa kunyang'anywa huku wananyang'anya. Kwangu hilo ndilo taifa la Makaburu lilipozaliwa, na lilizaliwa Afrika, kwa ubaya wake wote.

Na si mimi niliyeanza kusema. Thabo Mbeki, katika hotuba yake ya Mei 1996 kuhusu kuwa Mwafrika, alijitaja kuwa mjukuu anayeweka maua kwenye makaburi ya Makaburu kule kisiwa cha St Helena, Waingereza walikowapeleka mateka wa vita vile.

Ustadh wa Pwani

Assalaam alaykum. Mnasema Kaburu, Kaburu, lakini mnamsema nani? Kama ni msemaji wa Kiafrikana, lugha ya Makaburu iliyotokana na Kiholanzi, zaidi ya nusu yao si weupe. Ni Machotara, ni Waislamu wa Cape Town. Baadhi ya maandishi ya mwanzo ya lugha ile yameandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama sisi tulivyoandika tenzi zetu. Abu Bakr Effendi, mwanachuoni aliyetumwa na Waosmani, dola ya Waturuki, aliandika kitabu cha dini kwa Kiafrikana, na kikachapishwa Istanbul mwaka 1877. Wakati huo weupe wengi waliosoma waliiona lugha hiyo ni ya jikoni.

Baadaye wakaichukua, 1925 wakaifanya lugha rasmi, kisha wakawafukuza kwenye nyumba zao wenzao waliokuwa wakiisema. Hilo ndilo linanishinda. Na ndani yao wenyewe kuna ugomvi: wapo wanaosema mzao wa zile jamhuri mbili za Kikaburu za kaskazini, Transvaal na Orange Free State, ni taifa mbali na yule aliyebaki Rasini chini ya Mwingereza. Robert van Tonder alianzisha chama kizima miaka ya 80 kudai dola ya watu hao peke yao. Kwa hiyo kabla ya kumpa mtu Uafrika, muulize kwanza kama anakubali hata undugu na anayesema lugha yake.

Babu wa Mazimbu

Marahaba mwanangu. Ustadh amenisaidia. Nami niwape la Morogoro, maana ni la hapa hapa nyumbani. Mwaka 1969 ANC walikutana Morogoro wakabishana swali hili hili, wakaamua weupe, Wahindi na Machotara walio uhamishoni waweze kuwa wanachama. Uongozi wa juu hawakuwapa mpaka mkutano wa Kabwe, Zambia, 1985. Na wapo waliokasirishwa na uamuzi ule wa Morogoro, wakafukuzwa chamani 1975. Kama wenye nchi walihitaji miaka 16 kuamua, wewe unaamua kwa aya mbili? Na ukaguzi wa ardhi wa 2017 uliona weupe wana asilimia 72 ya mashamba yanayomilikiwa na watu binafsi. Waanzie hapo.

Mtoa mada

Kwenye asilimia 72 tuko pamoja, nimesema tangu juu. Ila Babu, Bram Fischer alikuwa Kaburu wa ukoo hasa, babu yake alikuwa waziri mkuu wa koloni la Orange River. Ndiye aliyemtetea Mandela kwenye kesi ya Rivonia, akafungwa maisha 1966, akafa 1975 bado mfungwa, na hata majivu yake serikali ilikataa kuipa familia. Kwa kipimo chako angesubiri 1985 ndipo aitwe Mwafrika kamili?

Babu wa Mazimbu

Fischer ni mmoja. Nihesabie kumi.

Mtoa mada

Beyers Naudé. Baba yake alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Broederbond, chama cha siri cha vigogo wa Kikaburu. Yeye akaacha mimbari yake 1963 kupinga ubaguzi, na kuanzia 1977 hadi 1984 akawekwa chini ya amri ya marufuku, asihutubie wala kukutana na watu kwa uhuru. Huyo wa pili. Wanane waliobaki naleta kesho, bosi ananitazama.