Gumzo la ukoo: Bado hatujaondoka

Hamisi, saa 1:40 usiku
Assalaam alaykum wote. Baba shikamoo, Mama shikamoo, Shangazi shikamoo. Ninaandika kwa niaba yangu na ya Salma, na ninaandika kwa sentensi kamili kama Baba alivyoagiza siku kikundi hiki kilipofunguliwa. Tunaomba jambo moja tu: msituage bado. Tangu Ijumaa wamefika kwetu Segerea watu tisa kutuaga, watatu kati yao wakiwa na maombi ya mkopo, na mmoja akaondoka na feni iliyokuwa inatusaidia usiku kwa sababu alisikia kwamba tunagawa vitu. Viza ya Ujerumani haijatoka. Pasipoti zetu zimo ubalozini na leo tumeingia wiki ya kumi na moja. Tiketi hatujakata.

Shangazi, saa 1:52 usiku
Wa alaykum salaam, marahaba mwanangu. Aliyesema ni mimi, sina haja ya kuficha. Nilisema kwenye kikoba kwamba mkwe wangu amepata kazi ya uuguzi Hamburg na kwamba mume wake anamfuata, kwa sababu furaha ilinizidi. Hilo la kugawa vitu sikulisema. Nilisema mnauza.

Dada Mwajuma, saa 1:58 usiku
Ninachotaka kuelewa ni kwa nini mliuza friji kabla ya viza. Mimi nilipita kwenu Jumapili nikakuta sebule ina mwangwi kama darasa wakati wa likizo.

Hamisi, saa 2:15 usiku
Dada, swali lako ni la haki. Mtu aliyekuwa anatusaidia kujaza fomu, ambaye tulimlipa na ambaye siku hizi simu yake inaita bila kupokelewa, alituhakikishia kwamba viza za wauguzi hutoka ndani ya wiki nne. Tukapiga hesabu: ukisubiri hadi siku za mwisho, mnunuzi anajua una haraka na anakupa bei ya kukudhalilisha, ukiuza mapema, unapata bei ya maana. Basi tukaanza na friji, zikafuata kochi, kabati la vyombo, meza na kitanda. Bei tulipata kweli, sikatai. Lakini fedha ile ndiyo tunayoila sasa, na mahali friji lilipokuwa limesimama pamebaki mraba mweupe ukutani ambao Salma ameuficha kwa kalenda. Mimi ni fundi umeme, nimewatengenezea watu mafriji hadi Kimara, na leo ninakwenda kwa jirani na chupa ya plastiki kuomba nafasi ya kugandisha maji.

Salma, saa 2:31 usiku
Shikamooni wazazi wangu. Ninaandika nikiwa zamu ya usiku, nimepata dakika chache wodi ikiwa imetulia. Hamisi amesema ya friji, mimi niseme ya jikoni. Tumebaki na sufuria mbili, mwiko, kisu, bakuli moja la plastiki na mtungi wa gesi wa kilo 6. Wali tunaula kwenye mfuniko wa sufuria kubwa, yeye upande wake na mimi upande wangu, na mchuzi tunaumwaga katikati. Kwa kuwa hakuna friji, siwezi tena kununua samaki wa kutosha siku tatu pale Feri. Ninanunua fungu moja la nyanya, kitunguu kimoja na dagaa wa kutosha jioni hiyo tu, na maziwa ninayachemsha asubuhi na kuyachemsha tena magharibi. Siku mbili za kwanza tulicheka. Wiki ya tano nilikaa juu ya godoro, nikaangalia yale mabegi mawili yaliyofungwa karibu na mlango, nikagundua kwamba nguo zangu zote nzuri zimo humo na mimi ninazunguka na magauni mawili, moja mwilini na jingine kwenye kamba. Nilifungua begi. Nilitoa khanga mbili na viatu, na tangu hapo moyo umetulia kidogo.

Baba, saa 2:40 usiku
Marahaba, mwanangu Salma. Umeandika vizuri. Ninaomba mtueleze na suala la nyaraka limefikia wapi, kwa maana mara ya mwisho mlisema kuna kasoro ya jina.

Hamisi, saa 2:47 usiku
Baba, kasoro hiyo nilitaka tuzungumze ana kwa ana, lakini kwa kuwa umeuliza hapa nitajibu hapa, kwa heshima zote. Pasipoti yangu, kitambulisho cha NIDA na cheti cha ndoa vinasomeka Hamisi. Cheti cha kuzaliwa kinasomeka Hamis, bila irabu ya mwisho. Kwetu hiyo ni herufi moja. Kwa anayekagua faili ni watu wawili. Ilibidi twende kwa wakili atuandalie hati ya kiapo kwamba Hamis na Hamisi ni mtu mmoja, kisha hati hiyo nayo itafsiriwe kwa Kijerumani pamoja na vyeti vingine. Fomu ya mwaka 1989 iliyopelekwa ofisi ya vizazi na vifo ilijazwa kwa mwandiko mzuri sana wa wino wa bluu.

Dada Mwajuma, saa 2:49 usiku
Mwandiko huo sote tunaufahamu.

Baba, saa 3:05 usiku
Nimesoma. Ni kweli fomu hiyo niliijaza mimi. Wakati ule niliona kwamba jina lenye asili ya Kiarabu libaki kama lilivyo, na msimamo huo nilikuja kuuacha miaka michache baadaye nilipoanza kufundisha sarufi kidato cha tatu. Gharama ya wakili nitairudisha mwisho wa mwezi pensheni ikiingia. Tusiendelee na hilo.

Nitasema jingine ambalo linanifurahisha. Dar es Salaam na Hamburg ni miji dada tangu mwaka 2010, kwa hiyo hamwendi ugenini kabisa. Na mkifika, msijione kwamba lugha yao ni ngeni yote: neno shule tulilichukua kwao, na hela ni ile sarafu ya Heller iliyotumika hapa wakati wa utawala wa Wajerumani. Hamisi alinilalamikia kwamba nomino za Kijerumani zina jinsia tatu na kwamba hajui kwa nini meza ni mwanamume. Nilimjibu kwamba mtu aliyekulia ndani ya ngeli za Kiswahili, akasema kiti kimevunjika na mti umevunjika bila kufikiri, hana uso wa kulalamikia tatu.

Hamisi, saa 3:11 usiku
Baba, tofauti ni kwamba ngeli nilizinyonya pamoja na maziwa, ilhali hizi tatu nimezikariri kwa tochi ya simu nikiwa nimelala sakafuni. Hata hivyo mtihani wa A1, ngazi ya kwanza ya Kijerumani, nilifaulu. Una sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na kiwango cha kufaulu ni alama 60 kati ya 100. Mimi nilipata 71. Kwenye kuzungumza niliambiwa nimwombe mwenzangu kitu kwa adabu, nikamwomba chumvi. Mwenye mzigo mzito ni Salma, kwa kuwa cheti chake cha lugha cha B1, ngazi ya tatu, kinamtosha kuanza kazi kama msaidizi tu. Ili atambuliwe kuwa muuguzi kamili kule ni lazima afike B2, ngazi inayofuata, na cheti chake cha uuguzi kikubaliwe. Kwa hiyo mtu mwenye uzoefu wa miaka tisa wodini ataanza chini. Amelikubali. Mimi ndiye ambaye bado linanikera.

Mama, saa 3:20 usiku
Nimewasoma wote na sasa nizungumze mimi. Kodi ya nyumba yenu inaisha lini?

Salma, saa 3:24 usiku
Inaisha tarehe 30, Mama. Tulimwambia mwenye nyumba kwamba hatuendelei, naye ameshapokea kodi ya miezi sita ya mpangaji mwingine. Huyo mpangaji alikuja jana kupima madirisha kwa ajili ya mapazia, nami nikiwa nimelala baada ya zamu. Alikuwa mpole, alipima kwa kunong'ona. Tulikuwa tunafikiri kupanga chumba kimoja kwa mwezi mmoja mmoja, lakini kila dalali anataka miezi mitatu na fedha yake ya udalali juu.

Mama, saa 3:30 usiku
Hakuna chumba cha kupanga. Mtarudi Magomeni, mtalala chumba cha uani, na huyo mtu wa viza akichelewa hata mwaka mtakuwa kwenu. Nilikuwa ninasubiri mseme wenyewe, nisije nikaonekana ninawaingilia wana ndoa. Mpangaji apime madirisha yake kwa raha. Jumamosi mtakuja. Mzee wenu atatafuta kirikuu.

Hamisi, saa 3:36 usiku
Mama, hatukutaka kurudi nyumbani baada ya kuaga. Hilo ndilo lililotuzuia kusema.

Mama, saa 3:37 usiku
Umeanza ujumbe wako kwa kusema hamjaaga.

Shangazi, saa 3:45 usiku
Amesema kweli. Basi tuzungumze mizigo, maana mimi tayari nimeandaa kopo la samli ya Singida, kilo moja na nusu, ndimu za kuchuma kwangu, maembe ya kung'ata na asali ya Tabora. Mama yako naye nimesikia ameweka mbuzi ya kukunia nazi.

Salma, saa 3:58 usiku
Shangazi, ninaomba unisikilize bila kukasirika, kwa sababu masharti ya forodha ya Umoja wa Ulaya nimeyasoma mara mbili. Nyama na maziwa pamoja na vyote vitokanavyo na maziwa haviruhusiwi kuingia na abiria anayetoka nchi kama yetu, hata kama ni kidogo na ni vya kula mwenyewe, na samli inahesabiwa humo. Asali inaruhusiwa hadi kilo 2. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20, kwa hiyo dagaa wakavu watakwenda. Matunda yanatakiwa yawe na cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Maana yake ni kwamba embe litakamatwa na nazi itapita.

Shangazi, saa 4:02 usiku
Nazi inapita na embe linakamatwa? Walioandika sheria hiyo hawajawahi kula embe.

Baba, saa 4:06 usiku
Sababu ni wadudu, hasa nzi wa matunda, ambao mabuu yao hukaa ndani ya embe bila kuonekana. Kifuu cha nazi hakiingiliki hivyo.

Hamisi, saa 4:12 usiku
Hata hivyo nazi ina uzito. Begi moja ni kilo 23, na mzani tuliazima duka la Mangi, ule wa kuning'iniza. Begi langu limefika 22 na nusu, la Salma 25, na kati ya hizo mbuzi ya Mama peke yake inachukua karibu kilo mbili. Nilipendekeza tuchukue meno yake ya chuma tu, nitengeneze kiti cha mbao huko huko. Blenda ya Dada tunaiacha. Umeme wao ni volti 230 kama wetu, ila soketi zao zinapokea pini mbili za duara na plagi zetu ni za pini tatu bapa, nami nimechoka kubeba viunganishi.

Mama, saa 4:15 usiku
Meno ya mbuzi hayatolewi. Toa suruali zako.

Dada Mwajuma, saa 4:18 usiku
Wifi, mimi nina swali la ibada. Nilisikia kwamba huko Desemba jua linazama mapema sana. Ni kweli?

Salma, saa 4:23 usiku
Ni kweli, wifi. Hamburg Desemba jua linazama yapata saa 10 jioni kwa saa zao, na Juni linazama karibu saa 4 usiku. Kwa sisi tuliozoea Magharibi kuingia kati ya saa 12 na saa 1 mwaka mzima, itabidi tuishi na ratiba mkononi. Hata kupiga simu kutabadilika, kwa sababu wakati wa baridi wapo nyuma yetu kwa saa 2, na wakati wa joto kwa saa 1. Nimeitwa kitanda namba sita, ninarudi baadaye. Mama, kuhusu Jumamosi, ahsante. Nimeandika na kufuta neno hilo mara tatu kwa sababu ninaliona dogo.

Mama, saa 4:25 usiku
Nenda kahudumie mgonjwa.

Baba, saa 4:31 usiku
Kwa hiyo imekubaliwa: Jumamosi saa 3 asubuhi kirikuu kitakuwa Segerea, godoro, mtungi wa gesi, sufuria mbili na mabegi yatapakiwa, na hakuna mtu wa ukoo huu atakayeaga, kuomba mkopo wala kuchukua chochote. Aliyechukua feni airudishe, na kama ni mtu ninayemdhania, ninampigia sasa hivi.

Shangazi, saa 4:38 usiku
Basi samli yangu haina safari. Nitaileta Jumamosi pamoja na mchele, tuipikie humo humo chumba cha uani waile hadi iishe.

Mama, saa 4:40 usiku
Ubebe na sahani, wifi. Hao wameziuza.