Tupeane uzoefu: bao, dhumna, keram. Mchezo gani wa barazani ulikushika, na siku gani ulikuumiza?

Kijana wa Kikwajuni
Assalaam alaykum wanabaraza. Jana baada ya isha nimepita Jaws Corner, pale Mji Mkongwe, nikakuta wazee wawili wameinamia bao, kahawa imepoa vikombeni, hakuna anayeikumbuka. Nilisema nitasimama dakika tano, nikaondoka saa nne na nusu.

Kila mtu alete lake. Mie wangu dhumna. Napenda ule mpigo wa kete mezani, na napenda zaidi kuwa mnacheza wawili kwa wawili. Mwenzio mkikaa miaka, namna anavyoishika kete tu unajua hana tano. Siku yangu mbaya ni ile mwenzangu aliyoamua kuufunga mchezo, naye hajui kuwa dabo sita, ile kete yenye sita pande zote mbili, ninayo mie. Tukafunua, tukahesabu vidoa, tukazidiwa kwa kimoja. Kimoja! Tulitembea mpaka Michenzani hatusemezani.

Mpwa wa Fundi
Dabo sita ikikubakia mkononi hata chakula hakipiti. Naijua hiyo.

BintiMalindi
Waalaykum salaam. Sie wanawake bao la barazani tulilitazama kwa dirishani, lakini keram ilikuwa uani kwetu na hapo hatukuwa na mpinzani. Poda imemwagwa, ubao unateleza kama barafu, kete tisa nyeupe, tisa nyeusi, na yule malkia mwekundu katikati anakutazama. Utamu wa keram ni kidole. Ukikasirika kidole kinakujua, kete inakwenda upande.

Usiku wa kuamkia Idi nilicheza na kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akiniita "kidole cha unga". Nikamtia malkia, imebaki kumfunika tu, na kete yangu iko mdomoni mwa shimo. Mtoto mchanga angeitia. Nikaipiga, ikaingia, na straika, kete ya kupigia, ikaifuata ndani. Malkia akarudishwa katikati, kaka akamchukua yeye. Leo nina watoto watatu na bado naiota.

Hesabu Kwanza
Keram na bao sawa. Dhumna muitoe, dhumna ni bahati ya kugawiwa.

Kijana wa Kikwajuni
Bahati? Kete ni 28, na kila namba imo kwenye kete saba. Ukiona kete tano zenye nne zimeshashuka na moja unayo wewe, ya saba unashindwa kujua ipo kwa nani? Anayesema bahati hajawahi kuhesabu.

Hesabu Kwanza
Nahesabu, ndugu yangu, ndiyo maana nasema. Ukigawiwa madabo manne kwa mpigo, utahesabu mpaka asubuhi na utafungwa.

Turufu Mkononi
Hamjataja karata! Wahedi wa sitini, Ramadhani, kutoka taraweh mpaka daku. Pointi 120 zote, ukifika 61 umemaliza kazi.

Hesabu Kwanza
Mada ni michezo ya ubao, shekhe. Karata fungua mada yako.

Turufu Mkononi
Dhumna ina ubao gani?

Mjukuu wa Mkunazini
Mada hii nimeisoma, nikaiacha, nikarudi. Wacha niseme.

Wa Unguja mnaikumbuka Disemba 2009, umeme wa kutoka bara ulipokatika, hatukuuona tena mpaka Machi 2010. Friji zimekuwa makabati ya nguo. Jenereta za madukani zinanguruma mchana kutwa, na usiku ukiingia mji wote kiza. Ndani hakukaliki kwa joto, kwa hiyo baraza yetu ilijaa kuliko siku zote, na watu wakicheza bao kwa kandili.

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa kucheza bao. Alikuwa na desturi yake: kabla ya kucheza, kiganja kinapita juu ya mashimo, ya kwake na ya mpinzani, taratibu, kama mtu anayefuta vumbi. Vijana walisema yale maringo ya mafundi. Mie nilikuwa namwigiza.

Usiku mmoja anacheza na ami yangu. Bado wamo kwenye kunamua, ile hatua ya kwanza ya kuingiza kete za mkononi, kila mmoja amebakiwa na chache. Kandili likaishiwa mafuta. Kiza cha siku zile hata mkono wako huuoni. Kelele zikaanza, huyu anatumwa mafuta, yule anatafuta simu nayo haina chaji. Ami kajiegemeza ukutani anangoja. Na katikati ya kelele zile nikasikia ta, ta, ta. Kete zinaingia mashimoni. Babu kala, kaanzia kichwa cha kushoto, shimo la mwisho upande ule, anasambaza wala hasiti. Akamaliza, akasema, "Zamu yako."

Ami akamjibu, "Mzee, taa imezimika, nitacheza vipi?"

Babu akanyamaza. Baraza nzima ikanyamaza. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Imezimika saa ngapi?"

Mafuta yalipokuja tukalitazama bao. Hakukosea hata shimo moja. Hakuna aliyesema neno, ami akacheza mkono unamtetemeka. Mie nilikuwa na miaka 16, nikaingia ndani nikalia. Tulikuwa tukila naye sinia moja, na hatukujua kuwa haoni. Ngazi alizijua kwa hesabu. Msikitini alikwenda na jirani bega kwa bega, tukidhani ni urafiki tu. Bao alilijua kwa kiganja, mashimo yote 32, na kete 64 zinakwenda na kurudi kichwani mwake. Mkiniuliza napendea nini bao, napendea hilo.

BintiMalindi
Subhanallah. Nimesimamisha kazi zangu zote.

Mpwa wa Fundi
"Imezimika saa ngapi." Ya Rabbi.

Baraza ya Darajani
Hadithi imenigusa, lakini niseme la sheria. Kwetu kupapasa mashimo ya mwenzio kabla ya kucheza haikubaliki. Ukigusa umecheza.

Mjukuu wa Mkunazini
Hakuwa akizitoa kete, ndugu yangu. Alikuwa akipitisha kiganja.

Baraza ya Darajani
Kupitisha ni kuhesabu, na kuhesabu ni kwa macho.

MtuWaWete
Kwa macho! Mtu kasimulia habari ya babu yake haoni, wewe unaleta sheria ya macho. Sie Pemba anayepapasa tunamwacha, tunajua huyo ndiye wa kuogopwa.

Baraza ya Darajani
Ndiyo maana Pemba mkija mjini mnafungwa.

MtuWaWete
Njoo Wete ufungwe ukiwa kwetu. Na mnavyosimulia kiza chenu cha 2009, sie umeme wa waya kutoka Tanga tumeupata 2010. Kabla ya hapo majenereta, yakizimwa tunacheza kwa mbalamwezi. Mtoto wa Pemba kalijua bao kwa mkono kabla ya kulijua kwa jicho.

Hesabu Kwanza
Swali kwa wajuzi. Kwenye bao, mtu anatakata, yaani anasambaza bila kula, kete ya mwisho ikaangukia nyumba yake, lile shimo lake kuu. Anaweza kuondoka nayo? Juzi tumegombana hadi kikombe kimevunjika.

Baraza ya Darajani
Akitakata analala, zamu yake imekwisha, hana hiari. Hiari ya kulala au kuondoka na nyumba ni kwa anayekula, naye bado ananamua. Hapo hata Wete watakubali.

MtuWaWete
Hapo nakubali.

Mgeni wa Bao
Nataka kujifunza, nina miaka 34. Nianze wapi?

Mpwa wa Fundi
Anza na bao la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo. Mkono uzoee kusambaza.

MtuWaWete
Asianze na hilo, litamharibu. Akae nyuma ya fundi mwaka mzima, asitie neno, amletee kahawa.

BintiMalindi
Mwaka mzima wa kahawa! Mgeni, mtafute bibi yeyote aliyecheza mdako utotoni, atakufundisha mkono kwa wiki mbili.

Turufu Mkononi
Au aje kwenye karata.

Kijana wa Kikwajuni
Mjukuu, hukutumalizia. Mzee alitibiwa?

Mjukuu wa Mkunazini
Alikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Mama alimbembeleza muda mrefu, akakubali jicho moja. Siku alipofunguliwa kitambaa alitutazama mmoja mmoja, akamwambia mama amekonda. Jioni akataka bao lake. Akaliangalia, akaguna kuwa zile kete mbili za plastiki zilizochanganywa na komwe, zile mbegu za kuchezea, kumbe ni nyekundu, hakuna aliyewahi kumwambia. Kisha akafumba macho, akapitisha kiganja, akacheza. Amecheza hivyo mpaka alipofariki, Mungu amrehemu.

Baraza ya Darajani
Amin. Mzee wako angekuja kwetu angepapasa atakavyo.

Mpwa wa Fundi
Amin. Mjukuu, hizo mbili za plastiki zitoe, hazina uzito wa komwe. Mjomba anachonga bao la mfenesi sasa hivi na ana komwe tele za ufukweni. Nitakuwekea mbili nzito.

Mjukuu wa Mkunazini
Ahsante sana, ila hizo nyekundu siziondoi.