Naomba ushauri: antena ya kupanda nayo Longonot

Hamjambo wapenzi wa redio za ridhaa (za kuwasiliana kwa kujifurahisha, si kwa biashara). Huwa napanda Mlima Longonot, Kenya, asubuhi, naita wenzangu hewani kutoka kileleni, mita 2,776, kisha nashuka jioni ileile. Natumia redio ya wati 5 kwa sauti kwenye bendi ya mita 20 (mawimbi yenye urefu wa takriban mita 20), na waya wa mita 10 ulioinuliwa kwa mlingoti mwepesi wa mita 6.

Kinachonisumbua ni saa. Nafika juu karibu saa sita mchana, na wenzetu wa Ulaya wanasikika kwa mbali mno. Bendi inachangamka alasiri, wakati ambao lazima nianze kushuka ili nitoke langoni mwa hifadhi kabla ya saa kumi na mbili. Nimejaribu kuutega waya mlalo, nikajaribu mshazari, tofauti ni ndogo. Tena udongo wa ukingo wa kreta ni majivu matupu, vigingi havishiki, na upepo wa pale mnaujua.

Je, nikikata waya wa takriban mita 6.7 kwa bendi ya mita 15, nitasikika vizuri zaidi mchana kwa wati hizohizo? Na mlingoti mnausimamishaje kwenye udongo kama huo?